Chitwan: "Kwenu faru wamejaa"

Hili nimekaa nalo muda mrefu nikisema litapita, na halijapita. Mtanivumilia.

Mwaka juzi, baridi ikielekea kuisha, nilitoka Lucknow ninakosoma, nikavuka mpaka wa Sunauli kwa basi, nikaenda Hifadhi ya Taifa ya Chitwan, Nepal. Watu wakisikia Nepal wanafikiria theluji tu. Chitwan iko bondeni, nchi ya matete marefu na misitu ya miti ya sal, na asubuhi kuna ukungu mzito huoni hata mto. Nilifuata faru. Mimi ni mtoto wa Karatu, kreta ya Ngorongoro iko hapo juu yetu, na bado faru nimemwona mara moja tu maishani, kwa darubini ya kuazima, kidoa cheusi ambacho kingeweza kuwa jiwe. Wa kwetu nusura wamalizwe na majangili, wazee wanasimulia mpaka leo. Chitwan nao miaka ya 1960 walikuwa wamebaki kama mia moja hivi. Hifadhi ikaanzishwa mwaka 1973, wanajeshi wakapewa kuilinda, na sensa ya 2021 ikahesabu 694. Basi nikajiambia, niende nikamwone faru kwa macho yangu, karibu, kabla sijarudi nyumbani.

Sauraha, kijiji cha wageni ukingoni mwa mto Rapti, nililipia kutembea kwa miguu siku nzima. Asubuhi naambiwa waongozaji wa miguu hawapo, nenda na gari, bei ni ileile. Kiingilio cha hifadhi, rupia 2,000, kilikuwa kimeshakatwa. Nikapanda. Gari la wazi, watu tisa, na mwongozaji kijana ambaye macho yake yalikuwa kwenye simu tangu tunaondoka. Swala wa madoa tuliwaona wengi, tausi pia, na kote huko kijana hakufungua mdomo.

Halafu wakatokea. Faru jike na ndama wake, hatua kama thelathini, pembeni ya njia. Pembe moja, ngozi imekunjika mabegani kama mabamba ya bati yaliyopigwa misumari. Ndama alikuwa amejibana kwenye tumbo la mama. Mimi machozi yalinitoka, sioni haya kusema.

Mama alikuwa ametugeuzia mgongo. Abiria mmoja akalalamika kwamba picha haitoki vizuri. Kijana akamwambia dereva asogee. Dereva akasogea. Kisha akamwambia akanyage mafuta, gari lingurume, ili faru ageuke! Mama mwenye mtoto! Akageuka kweli, kichwa chini, masikio yamesimama, na ndama akaanza kukimbia huku na huku. Nikasema kwa Kiingereza, kwa adabu kabisa, "Kaka, tafadhali, mwache, tuondoke." Tangu asubuhi alikuwa akiniita didi, yaani dada, na mimi nilifurahi maana ni kama kwetu, huwezi kumwita mtu jina tupu. Hapo didi ikakatika. Akasema, "Madam, wewe unatoka Afrika. Kwenu faru wamejaa. Huyu wa nini kwako?" Watu wakacheka.

Kwetu faru wamejaa.

Sikujibu. Nilikuwa na maneno yote, ya Kiingereza na ya Kiswahili, na kinywa kikakauka. Nilipoinua macho, mama na mtoto walikuwa wameshaingia kwenye matete. Nilichoona ni majani yakitikisika.

Jioni ile ningeulizwa, ningesema msiende Chitwan, pesa zenu pelekeni kwingine. Na ningekuwa nimekosea, maana kesho yake waongozaji wa miguu walipatikana. Sheria yao ni wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, na silaha yao ni fimbo tu. Wa mbele alikuwa mzee wa Kitharu, watu wa asili wa bonde lile. Tulivuka Rapti kwa mtumbwi wa gogo, mamba wale wa mdomo mwembamba kama fimbo wakiota jua kwenye mchanga, na upande wa pili akanifundisha kabla hatujapiga hatua: faru haoni vizuri lakini ananusa na kusikia, akikukimbilia kimbia kwa kukata kona, tupa mkoba, tafuta mti. Kila mara aliokota vumbi akalidondosha kujua upepo unakwenda wapi. Akanionyesha jaa lao, maana faru hurudi kujisaidia mahali pamoja, akaweka mkono juu ya kinyesi akaninong'oneza, "Chhori, bado kina joto." Chhori ni binti.

Tulimkuta dume amelala kwenye dimbwi, amebakiza mgongo na pua. Mzee alichutama, nami nikachutama, tukakaa hapo muda mrefu bila kutoa sauti. Nilimsikia faru akipumua. Tulipoondoka tulirudi kinyumenyume, na yule mnyama hakujua kama tulikuwepo.

Kwa hiyo nendeni. Nendeni kwa miguu, na mkiambiwa waongozaji hawapo, subirini hadi kesho, msikubali gari. Ingawa nikiandika hivi namkumbuka yule ndama akizunguka, na najiuliza ni magari mangapi yanamfanyia vile kila asubuhi, na kama kiingilio changu hakikusaidia hilo. Sina hakika tena kama nawatuma vizuri.

Kingine kinachonikera ni changu mwenyewe. Siku ile ya gari, tuliposhuka, kijana alisimama mlangoni akipokea bahashishi. Nilimpa rupia mia tano. Alisema, "Asante, didi," nami nikamwitikia.