Jeki ya kushushia giaboksi nyumbani: uzoefu wangu na Corolla KE70 hapa Dodoma

Jeki ninayoizungumzia ni ile fupi ya magurudumu manne, ya kupampu kwa mpini mrefu, yenye kitako kinachoinama na mnyororo wa kufungia mzigo. Imeandikwa kilo 500. Nimeitumia kushushia giaboksi ya gia 5, K50, kwenye Toyota Corolla KE70 yenye injini ya 4K, uani, bila shimo wala lifti. Kwa anayefanya kazi peke yake naona ni kifaa cha lazima, ila wengi wanaichagua kwa kuangalia kitu ambacho si cha maana.

Wanunuzi huuliza tani. Giaboksi ya gari hili mtu mwenye nguvu anaibeba mwenyewe, kwa hiyo kilo 500 zinatosha na kubaki. Kinachoamua kazi ni kimo cha jeki ikiwa chini kabisa. Yangu ni sentimita 20. Ongeza belihauzingi (sehemu pana ya mbele ya giaboksi inayofungwa kwenye injini), karibu sentimita 35, tayari unahitaji 55 za kupita chini ya ubavu wa gari, na stendi (miguu ya chuma ya kuegemeza gari) za kawaida za tani 3 huishia kwenye 40 na kitu. Giaboksi itashuka vizuri kabisa halafu ikwame uvunguni. Tafuta stendi ndefu za tani 6, au tandika gunia, uitoe giaboksi juu ya jeki hukohuko chini ya gari na kuiburuta yenyewe.

Udongo wetu ni wa kichanga na magurudumu ya chuma yanazama papo hapo. Nalaza karatasi nzima ya plaiwudi ya milimita 18; juu yake jeki inatembea. Kila stendi ikae juu ya ubao mpana wa inchi 2. Tofali la saruji lisitumike kushikilia gari hata kwa dakika moja, kwa sababu hupasuka ghafla bila kutoa dalili.

Kabla ya jeki kuingia: toa waya wa hasi wa betri, mwaga oili ya giaboksi, chora alama ya rangi kwenye flenji ya propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma) na ya difu ili irudi ilivyokuwa, kisha fungua bolti 4 na uvute propela. Ziba tundu la nyuma ya giaboksi kwa nailoni na mpira, maana oili iliyosalia itatoka hapo. Toa mti wa gia kutoka ndani ya gari, kebo ya spidomita, waya wa taa ya rivasi, stata, na kishikio cha egzosi. Nati za egzosi zipulizie dawa ya kutu jana yake. Kama klachi ni ya hydroliki, funga silinda yake ndogo pembeni kwa waya bila kulegeza paipu, upepo usiingie.

Ukitoa krosimemba (chuma cha kukingama kinachobeba giaboksi) injini inalala nyuma. Weka jeki ya pili chini ya sampu (bakuli la oili la injini), katikati pawe na kipande cha mbao, kisha angalia mipira ya rejeta isivutike. Kulala huko kidogo kuna faida: bolti za juu za belihauzingi zinafikika kwa ekstensheni ndefu kutokea nyuma. Acha bolti mbili zinazokabiliana mpaka giaboksi ifungwe kwenye jeki.

Hapo ndipo kasoro za jeki zinapoonekana. Mnyororo unateleza kwenye kava la aluminiamu. Weka kipande cha tyubu ya tairi katikati, au tumia mkanda wa racheti. Valvu ya kushushia ni kali, izungushe kidogo sana. Jeki ikiwa mpya na haipandi, fungua valvu, pampu mara kadhaa hewa itoke, ndipo uifunge.

Vuta giaboksi nyuma ikiwa imenyooka na injini. Usiiache ining'inie kwenye shafti yake ya mbele hata kidogo: uzito wote unaangukia kitovu cha klachi pleti, kinapinda, na klachi haitaachia tena.

Wakati wa kurudisha ndipo jeki inalipa gharama yake, kwa sababu skrubu za kitako zinakuwezesha kulinganisha pembe kidogo kidogo. Kata vichwa vya bolti mbili ndefu zenye meno yaleyale ya bolti za asili, zifunge kwenye injini ziwe miongozo, na klachi pleti iwekwe katikati kwa shafti kuukuu. Giaboksi ikigoma sentimita za mwisho, zungusha shafti ya nyuma ya giaboksi ikiwa kwenye gia. Kamwe usiivute kwa kukaza bolti. Masikio ya aluminiamu yanavunjika. Badilisha beringi ya klachi na sili ya nyuma ya injini ukiwa umeshafungua, kisha jaza oili ya giaboksi ya daraja la GL-4 mpaka ianze kutoka kwenye tundu la kujazia.

Jeki ikimaliza kazi, ishushwe chini kabisa na kufunikwa. Vumbi la upepo wa Julai na Agosti hugandia kwenye pistoni yenye oili na kuichana sili yake.