Gesi ya kubeba kambini: mtungi gani ununue kabla hujatoka Nakuru

Kila mtu akiona hii Hiace mzee niliyoigeuza karavani, kitanda nyuma, tangi la maji, sola juu, swali ni lilelile, sasa huko porini unapikia nini na gesi ikiisha? Mimi iliniishia Elementaita chapati ya tatu ikiwa kwa kikaango, saa mbili usiku, watoto wameshika sahani. Na mtungi nilikuwa nimeubadilisha siku mbili tu kabla ya hapo. Tuliporudi mjini nikaenda duka lilelile nikachukua mwingine lakini sasa nikaupima hapohapo mlangoni, ulikuwa umepungua kilo moja na robo. Kwa hivyo kabla hata ya kuchagua mtungi, nunua mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano ya kupimia mzigo. Kila mtungi umeandikwa uzito wake ukiwa mtupu, toa huo kwa ule wa mizani, inayobaki ndio gesi yako. Muuzaji akikasirika, nenda kwa mwingine.

Hesabu zangu ni hizi. Meko ya kawaida ya kilowati 2 ikiwashwa moto wote inakula karibu gramu 150 kwa saa. Lita moja ya maji kuchemka ni kama gramu 15, ukifunika sufuria na upepo usipige. Sisi wanne, chai asubuhi, ugali na mboga jioni, maji ya kunawa kidogo, tunatumia kama gramu 250 kwa siku.

Namba moja kwangu ni mtungi wa kilo 6, lakini na paipu. Kwa hesabu hiyo unakupeleka zaidi ya wiki tatu, na kitu kinachoufanya uwe wa kwanza ni kwamba utaupata kila mahali, Njoro, Marigat, Kitale, hata vituo vidogo vya barabarani. Ila angalia kampuni. Kanuni za gesi za Kenya za 2019 ziliondoa ile lazima ya kubadilishana mitungi ya kampuni zote, kwa hivyo kuna duka utafika na mtungi wako wakuambie huu hatuchukui. Kabla hujanunua, piga simu kwa watu wa huko unakoenda uulize ni rangi gani ya mitungi wanaona madukani, alafu nunua hiyo.

Sasa hiyo paipu. Wengi wetu tumezoea ile meko ya kufungwa juu ya mtungi, na nyumbani kwa sakafu ya simiti haina shida. Kambini ardhi haiko sawa. Kule Makalia, ndani ya mbuga ya Lake Nakuru, sufuria kubwa ya ndengu ilitupinduka yote juu ya nyasi na mtungi ukalala, bahati mtoto alikuwa ameenda kuchota maji. Tangu siku hiyo natumia regyuleta ya mtungi wa kilo 6 (ya kilo 13 haishiki hapo, usidanganywe), paipu ya mita moja na nusu, klipu pande zote mbili, na jiko la meza la vichwa viwili. Ukishafunga, paka povu la sabuni na sponji kwenye maungio. Yangu ya kwanza ilionekana imekaza kabisa lakini povu kwenye klipu likaanza kuvimba kipovu kimoja, kikapasuka, kikaja kingine. Nikakaza na bisibisi nusu mzunguko, kikanyamaza.

Namba mbili ni kilo 3. Kama wewe ni wa Ijumaa mpaka Jumapili tu, huu unakutosha na nafasi inabaki, ni siku kama kumi na mbili za kupika. Shida ni kuubadilisha ukiwa mbali na mji, maduka mengi hayaweki.

Tatu ni yale makopo ya butani, ya jiko dogo linalokaa ndani ya mkoba wa plastiki. Ni mepesi na kwa chai ya barabarani ni mazuri sana, lakini kwa kilo unalipa pesa nyingi kuliko mtungi, kopo la gramu 227 ni saa moja na nusu hivi, na butani haipendi baridi. Asubuhi ya Mlima Elgon moto unakuwa mdogo kama wa mshumaa. Beba moja la akiba, basi.

Kilo 13 naweka ya nne. Ni nzito na inakula nafasi, inafaa tu kama mko watu kumi ama mna shawa ya gesi na friji. Na hapo ujue, friji ndogo ya gesi ni kama gramu 300 kwa siku, shawa ya kilowati 10 ukioga dakika kumi ni gramu 130, yaani maji ya chai lita nane na zaidi umemwaga chini. Mimi friji niliiweka kwa sola na betri, maji ya kuoga nayaacha kwa jerikani nyeusi juani.

Jiko la makaa ni la mwisho, na tafadhali usiliingize ndani ya gari kujipasha joto, hata likionekana limebaki majivu. Ile hewa ya sumu haina harufu, familia nzima inalala na haiamki. Gesi nayo ni nzito kuliko hewa, inakaa chini, kwa hivyo mtungi wangu unasimama nje nyuma ya mlango kwa fremu aliyonichomea fundi wa jua kali, umesimama wima, valvu imefungwa tukiwa mwendoni.

Na githeri chemsha nyumbani ubebe. Nakuru maji yanachemka kwa kama nyuzi 94, ukipanda Elgon hadi mita 3,500 ni 88 hivi, maharagwe yatamaliza mtungi na bado ni magumu. Mchele nao ukichemka dakika tano, zima, funga sufuria na blanketi, unaiva wenyewe. Kinga upepo kwa bati la debe kuukuu, lakini lisizunguke mtungi.

Kujua kimebaki nini bila mizani, mwagia mtungi maji ya moto kidogo ubavuni, ngoja kidogo, alafu pitisha kiganja kutoka juu kushuka. Pale joto linapokatika ghafla pawe baridi, ndipo gesi imefika.