Jukwaa la kobe kuotea jua: paneli ya taa za dari imenifaa kuliko kibao cha kuelea

Wadau wenye kobe wa maji hii ni yenu. Mimi niko Houston, nina jike mmoja anaitwa Chausiku, wale wenye mstari mwekundu nyuma ya jicho ambao huku Marekani wanafugwa sana, gamba lake limefika inchi 7 na tangi lake ni la galoni 75.

Mwanzo nilinunua kibao cha kuelea, kile cha plastiki kinachobandikwa kwenye kioo, dola 35 na boksi limeandikwa kabisa saizi kubwa. Wiki mbili tu kikaanza kubanduka, Chausiku akipanda kinazama upande, tumbo lote linabaki majini. Na kobe lazima akauke jamani, juu na chini, gamba likikaa na unyevu muda wote linaanza kuoza, tena mwili wake haujipashi joto wenyewe kama wetu kwa hiyo asipoota vizuri hata chakula hakisagiki. Nilikuwa namwona ameng'ang'ania pale saa nzima nusu mkavu nusu maji, roho inaniuma kweli.

Ndo nikaamua kujenga mwenyewe. Kitu nilichokipenda ni ile paneli nyeupe ya plastiki yenye matundu ya mraba, ile ya kufunika taa za dari maofisini, nimeipata Home Depot kipande cha futi 2 kwa 4. Chukua nyeupe ya kawaida, ile iliyopakwa rangi ya fedha iache. Maji yanachuruzika chini yote hayatuami, na ni nyepesi sana. Nimekata kwa plaizi tundu kwa tundu, vaa miwani maana vipande vinaruka vibaya. Fremu ni bomba za PVC za nusu inchi na elbo zake, paneli nimeifunga kwa kebo tai, jumla haikufika dola 45 ukitoa taa. Jukwaa linakaa juu ya kingo za tangi siyo ndani, hapo maji yanabaki mengi, maana wafugaji wanahesabu galoni 10 kwa kila inchi ya gamba, sasa ukirundika mawe ndani unampunguzia pa kuogelea. Kuta nimepandisha inchi 12 pande zote, kobe anapanda nyie, msimwone vile.

Kasoro zipo. Paneli peke yake inabonyea katikati akilala, ikabidi niongeze bomba la kukatiza chini yake. Halafu ngazi yake ya kupandia, yani ile sehemu ya mteremko, niliiweka wima mno, siku tano anakuja anateleza anarudi majini. Nikailaza zaidi, nikashusha ncha yake ndani ya maji, juu nikatandika wavu mgumu wa plastiki ili kucha zishike na vidole visinase kwenye matundu. Nyasi bandia sikuweka, nyuzi zikichomoka anaweza kuzila.

Taa msifanyie ubahili. Joto lipime palepale anapolala, nyuzi 32 mpaka 35 za Selsiasi, maji yangu yako 25. Mwanga wa taa ya UVB, yani ile inayotoa miale isiyoonekana kama ya jua, usipite kwenye kioo, kioo kinazuia ile miale, na bila miale hiyo mwili hautengenezi vitamini D3 wala kalisiamu haishiki vizuri, gamba linalainika. Ndo maana jua la dirishani halitoshi hata likiwa kali vipi.

Paneli naipa nyota 4, moja nimeikata kwa ile kazi ya plaizi, mikono iliniuma siku mbili. Kile kibao hata moja sikipi.

Siku ya sita niko naosha vyombo nikasikia kucha zinakwaruza plastiki. Kwenda kuchungulia, Chausiku yuko juu, shingo ameinyoosha yote, miguu ya nyuma ameitandaza na vidole ameviachanisha, mkavu kabisa.