Vitabu viwili vya wanamuziki ambavyo msomaji wa Mtwara asivikose

Kwa msomaji wa Mtwara anayependa muziki na kutaka kuyajua maisha yaliyouzaa, ninapendekeza kwa moyo wote aanze na Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu cha Shaaban Robert. Ni kitabu chembamba, lakini kinamfuata kwa heshima kubwa binti wa Fumba, Unguja, aliyezaliwa katika ukoo wa watumwa na kutembeza vyungu vya kuuza, hadi alipofika Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za taarabu kwa Kiswahili. Sifa zimezidi kidogo, nami ningependa kumsikia zaidi Siti mwenyewe; hata hivyo, lugha ya kitabu inafaa kusomwa kwa sauti barazani.

Kwa anayesoma Kiingereza, kipo Still Grazing, simulizi ya maisha ya Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini, iliyotoka mwaka 2004. Humo tunamwona Padri Trevor Huddleston akimpatia Masekela, aliyekuwa bado mwanafunzi, tarumbeta yake ya kwanza, na baadaye mwanamuziki Louis Armstrong akituma nyingine kutoka Marekani. Wazee wa Masasi watalitambua jina la Huddleston, kwa kuwa ndiye aliyekuwa Askofu wa Anglikana wa Masasi kuanzia mwaka 1960 hadi 1968. Kwa hiyo kitabu hiki kinatugusa kwa karibu sana. Masekela hafichi ulevi wala dawa za kulevya, hivyo kinawafaa watu wazima. Asiyevipata madukani aagize Dar es Salaam, aletewe kwa basi.