Bakuli la mninga na kikebe cha mpingo: uzoefu wangu

Nilivinunua kwenye karakana moja ya Keko, Dar es Salaam. Bakuli la kachumbari shilingi 65,000, kikebe chenye kifuniko 40,000. Bei zinauma, ila bakuli ningelinunua tena hata leo. Kikebe ndicho chenye maneno.

Kilichonishawishi ni rafu ya nyuma. Kulikuwa na mabakuli yaliyokerezwa nusu, yaani yamechongwa yakizungushwa kwenye mashine (kerezo) bila kumaliziwa, manene, yamepakwa nta na kuachwa kivulini. Fundi alinieleza kuwa mti mbichi hukerezwa kwanza ukabakizwa unene wa kama sehemu moja ya kumi ya upana wa bakuli, kisha husubiri miezi. Mti ukikauka husinyaa zaidi kufuata pete zake kuliko kuelekea kiini, karibu mara mbili, ndiyo maana bakuli lililoharakishwa hupinda au kupasuka ukishafika nalo nyumbani. Likishatulia ndipo hurudi kwenye kerezo kumaliziwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ile 65,000 ni ya kusubiri, na mimi sioni ubaya.

Popote utakaponunua, pitisha kidole ndani ya bakuli mzunguko mzima. Kuna sehemu mbili zinazotazamana ambapo patasi hukutana na nyuzi za mti upande mbaya. Patasi ikiwa butu, hapo patakwaruza kama ulimi wa paka, na ukipaka mafuta panaonekana peusi zaidi. Langu ni laini kote. Niliomba lisipigwe vanishi, likapakwa nta ya nyuki tu. Ndimu na chumvi ya kachumbari havijalidhuru. Naliosha haraka na kulifuta, sililoweki kamwe.

Sasa kikebe. Mpingo wenyewe hauna mpinzani: mti ule ule unaotengenezewa klarineti, ala ya muziki ya kupuliza, mzito kiasi kwamba kipande chake huzama majini. Fundi ameuacha ule mti mweupe wa nje uzunguke ukingo wa kifuniko, na weupe ule juu ya kiini cheusi unapendeza mno. Lakini nilikichukua wakati wa kiangazi kikifunguka kwa kidole kimoja. Masika yalipoanza kikabana hadi tukakivuta watu wawili. Nilikirudisha, wakakipiga msasa kwa ndani, na sasa jua likiwaka kifuniko kinadondoka chenyewe. Kwa maoni yangu kile kipande hakikuwa kimekauka. Mpingo hukauka taratibu sana, na kifuniko hakisamehe hata unywele mmoja wa tofauti.

Huduma? Lugha yao nzuri, ahadi zao za kifundi: “njoo kesho” nyingi kabla ya mzigo kuwa tayari. Piga simu kwanza ndipo upande daladala.

Bakuli nalipatia nyota tano, kikebe mbili. Walio mikoani wanatumiwa kwa basi, nauli ya mzigo juu yako, na sisitiza wafunge kwa magazeti, maana maboksi yao ni mepesi.