Rivyuu: websaiti ya fomu 34A ya uchaguzi wa 2022, huduma bora niliyowahi kupewa na serikali, ila jumla ilikuwa wapi?

Wengine wanaandika rivyuu za mahoteli na masimu, mi leo naandika rivyuu ya ile websaiti ya IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, ya fomu za 34A za Agosti 2022, zile za matokeo ya urais ya kila kituo. Tunaelekea 2027 na naona watu wameshaanza kubishana kura zitaibwa vipi kana kwamba ile kitu haikuwahi kuwepo. Ilikuwepo, ilifanya kazi, na kwangu mimi ndo kitu kizuri zaidi serikali yetu imewahi kuweka kwenye intaneti, nasema hivyo na mi ni mtu nilipigia Baba, yaani Raila Odinga, kura na nikashindwa.

Kwa ambaye hakuitumia ilikuwa hivi. Unafungua, huulizwi pasiwedi wala namba ya kitambulisho, unachagua kaunti, eneo bunge, wadi, kituo, halafu strimu, manake shule moja inaweza kuwa na strimu kadhaa na kila strimu haizidi watu 700 kwenye rejista. Ukibofya inafunguka picha ya fomu yenyewe, ile iliyopigwa na mashine ya KIEMS, ile ya tume ya kutambua wapiga kura na kutuma matokeo, pale pale kituoni usiku ule baada ya kuhesabu. Si namba ameandika mtu huko Nairobi, ni picha. Unaona mwandiko wa msimamizi wa kituo, mwingine anaandika vizuri kama mwalimu wa darasa la tatu na mwingine unajua kabisa huyu mkono umechoka ni saa tisa usiku, unaona muhuri, unaona kura za Raila, za Ruto, za Wajackoyah, za Mwaure, kura zilizokataliwa, na chini huko sahihi za maajenti wa vyama. Ajenti wa chama changu amesaini. Hiyo sahihi ndo ilinikalisha chini mimi kuliko hotuba yoyote.

Vituo vilikuwa 46,229 nchi nzima, na kufikia kesho yake ya uchaguzi, yaani tarehe 10, zaidi ya asilimia 90 ya fomu zilikuwa tayari hewani. Kwa nchi ambayo 2017 tuliimba fungua seva fungua seva mpaka sauti zikakauka, na Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba mwaka ule sababu moja ikiwa mtu ametangazwa mshindi na fomu hazijafika zote, hii ilikuwa hatua kubwa sana jamani. Na 2007 ndo hata tusiseme, yule mwenyekiti alitangaza akiwa amefungiwa ndani ya jumba la KICC Nairobi na watu zaidi ya 1,000 wakafa. Hatukuwa na karatasi ya kuangalia.

Kwa baraza yetu hapa Mombasa kulikuwa na kazi moja tu siku zile, mtu anakuja na kikombe cha kahawa tungu anasema nifungulie ya kwetu. Wazee ambao hawajui hata kufungua Whatsapp. Ami mmoja aliniambia "mwanangu ikuze hapo kwenye saba, ni saba au ni moja?" tukaikuza, ikawa saba, akatulia. Anaangalia fomu ya shule ambayo yeye mwenyewe alipanga foleni alfajiri, na namba zinaingiana na zile alisikia zikisomwa usiku mlangoni. Hapo utamwambia nini kuhusu wizi wa kituo chake? Atakuuliza wewe ulikuwa wapi.

Sasa tatizo. Websaiti ilikuwa na fomu lakini haikuwa na jumla. Elfu arobaini na sita na ushee za picha, na hakuna mahali pameandikwa huyu ana ngapi yule ana ngapi mpaka saa hii. Tume iliwaachia wananchi na vyombo vya habari wajumlishe wenyewe, na wazo lenyewe zuri, mi naliunga mkono, lakini ona kilichotokea. Kila stesheni ya tivii ikaajiri vijana wa kutaipu fomu, kila moja ikaanzia kaunti zake, kwa hiyo jioni ile ile ukiwa chaneli hii Raila anaongoza ukibadilisha Ruto anaongoza, na zote zinasema ukweli manake zimesoma fomu tofauti! Nani kwa baraza ataelewa hiyo? Watu walianza kuchagua chaneli kulingana na mgombea. Halafu stesheni zikapunguza mwendo zikaacha moja moja, zote zikakaa kimya kabla ya kumaliza, na kile kimya ndo kilileta uvumi wote. Ikabaki magrupu ya Whatsapp yanafowadi majedwali ya Eksel yasiyo na mwenyewe. Kuanzia Alhamisi mpaka Jumatatu tuliishi na majedwali hayo, biashara zimefungwa nusu, shule zimefungwa, mtu anakula ugali macho kwa simu.

Na lazima niseme matokeo yenyewe yalikuwa ya kushtua, watu wasiseme leo eti walijua. Rais aliyekuwa madarakani, Uhuru, alikuwa anamuunga mkono Raila waziwazi, naibu wake mwenyewe, Ruto, ndo amefanywa mpinzani, kura za maoni nyingi za wiki za mwisho zilimweka Baba mbele, Martha Karua yuko kwa tiketi kama mgombea mwenza wake na ni wa Kirinyaga. Sisi wa Pwani tulihesabu Nairobi yetu, Nyanza yetu, Pwani yetu, Magharibi sehemu kubwa, Ukambani na Kalonzo, na Mlima Kenya tukasema tukipata hata robo tumemaliza. Ukitaka kujua kilichotokea, bofya Nyeri. Bofya Kirinyaga. Bofya Kiambu, nyumbani kwa Uhuru mwenyewe. Fomu baada ya fomu, strimu baada ya strimu, Ruto amechukua zile kura kwa mbali na ajenti wa Azimio, muungano wa Raila, amesaini. Nilikaa usiku nikizipitia na nikajua kabla ya Chebukati, mwenyekiti wa tume, kufungua mdomo. Na hesabu nyingine inayouma ni ya waliobaki nyumbani, asilimia 65 hivi ndo walipiga kura wakati 2017 ilikuwa karibu 79, na huku kwetu foleni zilikuwa fupi kila mtu aliona.

Jumatatu tarehe 15 pale Bomas, ukumbi wa kujumlishia kura za urais, nadhani kila mtu anakumbuka alikuwa wapi. Kwaya inaimba, watu wa balozi wanaondoka ukumbini, makamishna wanne wa tume wanaonekana hotelini Serena wakisema matokeo hawayatambui, jukwaani watu wanarushiana mangumi, halafu Chebukati anasimama anasoma: Ruto 7,176,141, Raila 6,942,930. Asilimia 50.49 kwa 48.85. Ukitoa ile nusu ya kura zote ambayo katiba inataka, Ruto aliivuka kwa kura kama 69,600 tu, nchi nzima, hapo ndo mjue vile tulikuwa karibu kurudi debeni. Binamu yangu wa Eldoret akanitumia video barabara imejaa watu na mawilbaro, alama ya chama cha Ruto, wanacheza, wanalia kwa furaha. Dakika hiyo hiyo tivii inaonyesha Kondele Kisumu matairi yanawaka, na Kibera pia. Mtaani kwetu hakuna aliyepiga kelele wala aliyechoma kitu, watu waliinuka mmoja mmoja wakaenda zao. Na tusidanganyane ati ulikuwa uchaguzi wa raha tupu, kuna msimamizi wa uchaguzi wa Embakasi Mashariki alitoweka katikati ya kazi ya kujumlisha akaja kupatikana amekufa huko Kajiado. Mungu amrehemu. Yeye alikuwa anafanya kazi ya karatasi hizi hizi.

Kesho yake wale makamishna wanne wakarudi na hoja yao, na hapa ndo websaiti ilionyesha thamani yake. Walisema asilimia za wagombea wote zikijumlishwa zinafika 100.01, na hiyo 0.01 iliyozidi ni kura kama 142,000. Kweli jumlisha, 50.49, 48.85, 0.44, 0.23, unapata 100.01. Lakini kura halali zilikuwa 14,213,027, na asilimia 0.01 ya hiyo ni kama 1,421, si laki moja na elfu arobaini na mbili, na hata hiyo 1,421 si kura za mtu, ni ile kukaribisha desimali tu. Kijana wa form two aliifanya kwa kikokotoo cha simu mbele ya wazee wetu, wafuasi wa Raila wote, na wakakubali. Waliudhika lakini wakakubali. Tume ingekuwa imeweka jumla yake hewani tangu siku ya kwanza, ile hoja isingeishi hata lisaa limoja. Badala yake ilizunguka nchi nzima na mpaka leo kuna mtu nikikutana naye ataniambia kura laki moja na nusu zilipotea.

Baba alisimama KICC akasema matokeo ni batili, akaomba watu watulie, akaenda mahakamani. Mahakama ikaagiza ukaguzi, masanduku yakafunguliwa, na kule ndani tukaona wakili anakuza fomu ya 34A kwa skrini kubwa kuonyesha jina la Mvenezuela, mmoja wa wale wa kampuni ya mitambo ya uchaguzi, limejitokeza juu yake. Nchi nzima ikakimbilia websaiti kufungua fomu ile ile. Fikiria hiyo kidogo, ushahidi wa kesi ya urais na mama mboga anaweza kuufungua akiwa kwa kibanda chake. Tarehe 5 Septemba majaji wote saba, Jaji Mkuu Koome akisoma, wakatupilia mbali, na jambo moja walilosema wazi ni kwamba fomu za asili kutoka vituoni hazikuwa na tofauti ya maana na zile za kwa websaiti. Fomu zilizokuwa na tofauti kubwa ni baadhi ya zile zilizoletwa na upande wa walalamikaji. Hiyo iliniuma zaidi ya kushindwa kwenyewe, manake sisi ndo tulikuwa tunadai ukweli.

Kwa hiyo nyota nne kwa tano, na ile moja nimeitoa kwa ajili ya jumla. Kuna watu mtaani hawanisamehi kwa kusema hivi, wananiambia nimehama. Sijahama. Nilihuzunika Baba aliposhindwa na nilihuzunika tena Oktoba 2025 alipofariki, lakini kuhuzunika na kuibiwa ni vitu viwili na mi niliweza kuvitenganisha kwa sababu kuna mtu alinionyesha karatasi.

Tume mpya iliapishwa Julai 2025 baada ya nchi kukaa miaka miwili na zaidi bila makamishna, na kama kuna anayesoma huko basi ombi langu ni hili: rudisheni websaiti ile ile msiipambe, wekeni jumla inayoenda ikibadilika na pembeni muandike fomu ngapi zimeshaingia na ngapi bado na ni za kaunti gani, wekeni na jedwali zima la kudaunilodi ili hao vijana wa tivii wasitaipu usiku kucha. Sheria inawalazimisha kutuma kielektroniki fomu za urais, lakini wekeni na za magavana, manake huku Mombasa ugavana wetu uliahirishwa mpaka tarehe 29 Agosti sababu ya picha za wagombea kwenye karatasi za kura kuchanganyika, na sisi pia tungependa kukuza tuangalie ni saba au ni moja. Na picha ziwe nyepesi, wa Tana River na Turkana nao wana vituo vyao na bando ni la shilingi ishirini.