Nilichagua shule kwa kufungua madaftari

Tulipohamia mji huu mdogo, mwanangu alikuwa anaingia darasa la tatu na bado alisoma kwa kusitasita. Shule za umma zilikuwa tatu, zote za kufika kwa miguu, na kila niliyemuuliza alinielekeza kwenye ile ile moja: "Mpeleke pale, wanafaulisha." Nilipofika nikakuta ubao wa matokeo umetundikwa mlangoni: asilimia 94.

Nikaomba matokeo ya mwaka uliotangulia. Asilimia 78. Nikauliza idadi ya watahiniwa, nikaambiwa 18 kwa kila mwaka. Maana yake mwaka ule walifaulu 14 na mwaka huu 17. Watoto watatu tu! Katika shule yenye watahiniwa 120, watatu hawasogezi ufaulu hata kwa asilimia 3. Mzazi wa mji mdogo, tafadhali uliza idadi kabla hujausifu ubao.

Nikaomba kwa kila mwalimu mkuu nikae nyuma ya darasa kipindi kimoja na kupitia madaftari machache. Wote walikubali.

Katika shule hiyo inayosifiwa madaftari yalikuwa safi, tiki kila ukurasa. Nilipoyasoma nikaona majibu yanafanana neno kwa neno, yamenakiliwa ubaoni, na makosa mawili yalikuwa yamewekewa tiki. Maswali yote yalijibiwa na watoto wale wale wanne wa mbele. Iliniuma, kwa sababu mwanangu angekaa nyuma.

Shule ya pili ilikuwa na mwalimu hodari sana mbele ya watoto 58. Madaftari hayakuwa yamesahihishwa kwa wiki kadhaa, na simlaumu hata kidogo. Katika jimbo la Tennessee, Marekani, miaka ya 1980, watoto waligawanywa kwa bahati nasibu katika madarasa ya 13 hadi 17 na ya 22 hadi 25. Wa madarasa madogo walifanya vizuri zaidi katika kusoma na hesabu. Darasa "kubwa" la kule halifikii hata nusu ya lile nililoliona.

Ya tatu hakuna aliyenitajia. Rangi ya kuta imebanduka, darasa lina watoto 31. Lakini madaftari yamejaa wino wa mwalimu: "Rudia ya 4, umesahau kukopa kwenye makumi." Chini yake mtoto amerudia kweli, na mwalimu amerudi tena kusahihisha. Mtoto mmoja aliitwa kusoma, akakwama kwenye neno. Mwalimu akamzuia aliyetaka kumtajia, akasubiri mpaka akalitamka mwenyewe. Nikauliza walimu wangapi wameondoka kwa miaka miwili. Mmoja. Nikaandikisha siku hiyo hiyo.

Sasa ni muhula wa tatu. Mwanangu anasoma ukurasa mzima bila kuweka kidole chini ya maneno, na anajua kosa lake liko wapi kabla sijamuuliza. Maktaba ni kabati moja linalofunguliwa Ijumaa tu, hilo linanisikitisha. Kubwa zaidi ni vyoo: matundu ni machache, foleni inakula mapumziko yote, na wasichana wa madarasa ya juu ndio wanaoumia zaidi. Nimelitoa mara mbili kwenye mkutano wa wazazi, nikaahidiwa. Mkutano ujao ninakwenda na wazazi wenzangu sita.